Kutafuta Chupa Kubwa za Porto, kutoka Gaia hadi Pinhão

Simulizi hii nimeipanga baada ya kurudi Dodoma, kwa kufuata daftari langu, risiti na picha za simu. Kazi yangu ni kusimamia vinywaji hotelini, na kilichoielekeza likizo yangu Ureno ni ombi la mzee mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, aliyetaka apatiwe jeroboamu, yaani chupa kubwa, ya porto, mvinyo mtamu na wenye nguvu wa Ureno, kwa ajili ya arusi ya binti yake. Niliwaandikia wauzaji kadhaa wa Ulaya kuulizia bei. Mmoja alinijibu kwamba jeroboamu ni chupa ya lita 3, mwingine akasema ni lita 4.5, na mwingine akashikilia kwamba ni lita 5, kila mmoja kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kupingwa. Kwa kuwa kati ya lita 3 na lita 5 kuna tofauti ya karibu chupa tatu za kawaida, na kwa kuwa fedha zenyewe hazikuwa zangu, niliona ni heri niende nikazione chupa hizo kwa macho.

Jumapili na Jumatatu: Dodoma, Dar es Salaam, Porto

Treni ya SGR hadi Dar es Salaam ilinigharimu shilingi 31,000 kwa daraja la kawaida, na hiyo ndiyo sehemu ya safari iliyokwenda kwa saa. Ndege ya kuunganisha ilichelewa usiku kucha, na nililala juu ya viti vya chuma nikiwa nimeegemea begi. Visa ya Schengen ni euro 90, mbali na bima ya safari na ada ya kituo kinachopokea maombi, kwa hiyo anayetaka kwenda aanze kuandaa nyaraka miezi miwili au mitatu kabla.

Kutoka uwanja wa ndege wa Porto hadi katikati ya mji, panda metro ya mstari E, ule wa zambarau. Nauli ni zaidi kidogo ya euro 2, pamoja na senti 60 za kadi ya Andante ambayo utaendelea kuiongezea salio siku zote utakazokuwa mjini. Nilifika mvua ikinyesha, nikala supu ya caldo verde na mkate, nikalala.

Jumanne: ng'ambo ya mto, Vila Nova de Gaia

Maghala ya mvinyo wa porto hayako Porto. Yako ukingo wa kusini wa mto Douro, katika mji wa Vila Nova de Gaia, na njia nzuri ya kuyafikia ni kuvuka kwa miguu daraja la Dom Luís I, lililofunguliwa mwaka 1886. Ghorofa yake ya juu hupitisha metro na waenda kwa miguu, ile ya chini hupitisha magari. Ukiwa juu unaona mapaa ya vigae mekundu yakishuka hadi majini, kila paa likiwa na jina la kampuni kwa herufi kubwa nyeupe, na chini yake mashua za rabelo zimefungwa gatini. Zamani mashua hizo ndizo zilizoshusha mapipa kutoka mashambani, zaidi ya kilomita mia juu ya mto. Siku hizi kazi yao kubwa ni kupigwa picha, na kushindana mbio katika sikukuu ya Mtakatifu Yohane tarehe 24 Juni.

Nilikuwa nimelipa euro 25 kwa matembezi ya ghala moja pamoja na kuonja aina tatu. Bei za maghala mengi ni kati ya euro 20 na 30, na ni lazima uweke nafasi mapema kwa mtandao, hasa Septemba na Oktoba. Ndani ni giza, baridi na harufu ya mbao mbichi na zabibu kavu. Mwongozaji wetu, dada mwenye sauti ya upole, alianza na pipa, neno ambalo Wareno walituachia pwani na ambalo wao wenyewe bado wanalitumia kama kipimo. Pipa la Douro ni lita 550. Kwa kawaida hupatikana kwa kuchanganya takribani lita 435 za maji ya zabibu yaliyoanza kuchacha na lita 115 za pombe kali ya zabibu yenye nguvu ya asilimia 77. Pombe hiyo huizuia hamira isiendelee na kazi, sukari inabaki, na ndiyo maana porto ni tamu na ina nguvu ya asilimia 19 hadi 22.

Kundi liliposonga mbele, mimi nilibaki kwenye kabati la vioo lililokuwa ukutani. Humo chupa zilipangwa kama watoto wa shule wanaosubiri gwaride, kuanzia nusu chupa ya mililita 375 hadi pandikizi la chupa linalofika kiunoni. Mwongozaji alirudi kunitafuta, akaona ninavyoandika, akawaomba wenzangu wamsubiri kwa glasi zao, akanielezea moja baada ya nyingine. Ukarimu huo sikuwa nimeulipia.

Chupa ya kawaida ni mililita 750. Magnumu ni lita 1.5, na hapo hakuna ubishi duniani kote. Inayofuata ndiyo iliyonivuta kuliko zote, kwa sababu ni nadra nje ya biashara ya porto: tappit hen, ya lita 2.25, yaani chupa tatu ndani ya moja. Jina ni la Kiskoti, maana yake kuku mwenye kishungi, na lilianza kama jina la jagi la madini lenye kifuniko na kirungu juu yake, lililotumika katika vilabu vya Uskoti. Hadi mavuno ya 1970 sehemu kubwa ya porto bora ilisafirishwa ikiwa ndani ya mapipa na kutiwa chupani na wafanyabiashara wa Uingereza na Uskoti, katika miji kama Bristol, London na Leith, na hao ndio walioipa chupa jina la jagi lao. Wafaransa wa Bordeaux wana chupa ya ukubwa huohuo na huiita Marie-Jeanne. Katikati ya miaka ya 1970 sheria ilitaka porto ya mwaka mmoja bora, inayoitwa vinteji, itiwe chupani Ureno kwenyewe. Jina la Kiskoti likahamia Gaia na kubaki.

Baada ya hapo yanaanza majina ya wafalme wa Biblia, na vurugu inaanza nayo. Katika Champagne na Burgundy, mikoa ya mvinyo ya Ufaransa, jeroboamu ni lita 3. Bordeaux chupa ya lita 3 huitwa magnumu mbili, na jeroboamu yao ni lita 5, ingawa zamani ilikuwa lita 4.5, ilipanda kwa sababu sheria za Marekani hutaka chupa za mvinyo kuanzia lita 4 zijazwe kwa lita kamili. Katika kabati la Gaia, jeroboamu ilikuwa lita 4.5, chupa sita kamili. Kumbe wale wauzaji hakuna aliyenidanganya. Kila mmoja alikuwa amesimama upande wake wa mpaka. Tena chupa hiyohiyo ya lita 4.5, ukiivusha hadi Champagne, itaitwa rehoboamu. Waliosoma kitabu cha Wafalme watakumbuka kwamba ufalme wa Sulemani ulipogawanyika, Yeroboamu aliondoka na makabila kumi na Rehoboamu akabaki na sehemu ndogo. Watengeneza chupa wa Champagne wamempa Rehoboamu fidia ya lita moja na nusu.

Chupa ya lita 6 huitwa impiriali Bordeaux na methusela Champagne, na wauza porto hutumia jina lolote kati ya hayo kutegemea anayenunua. Juu yake kuna salmanazari ya lita 9, ambayo ni sawa na kreti ya chupa kumi na mbili, balthazari ya lita 12, nebukadneza ya lita 15 na melkiori ya lita 18. Mwongozaji alisema wazi kwamba kuanzia lita 9 kwenda juu chupa za porto ni za mapambo, minada na maombi maalumu, na mimi nakubaliana naye: sijui ni meza gani ingeimaliza nebukadneza ya kinywaji kitamu chenye nguvu ya asilimia 20.

Kwa anayenunua, tofauti ya porto iliyokomaa ndani ya mbao na ile inayokomaa ndani ya chupa ni muhimu kuliko jina la chupa. Ile ya rangi ya hudhurungi, tawny, imekwisha kukomaa ndani ya pipa. Ukiifungua hudumu wiki kadhaa bila kuharibika, kwa hiyo chupa ya lita 4.5 juu ya kaunta ya hoteli ina maana kibiashara. Vinteji hutiwa chupani mapema, kati ya mwaka wa pili na wa tatu baada ya mavuno, kisha huendelea kukomaa humohumo kwa miongo. Kadiri chupa inavyokuwa kubwa ndivyo hewa kidogo inayopita kwenye kizibo inavyogawanywa kwa mvinyo mwingi zaidi, na ukomavu unakwenda polepole. Lakini ikifunguliwa ni ya siku moja au mbili. Impiriali ya vinteji ni glasi 80 za mililita 75, na wageni 80 wanapaswa kuwepo siku hiyohiyo.

Jumatano: mzee wa Palma

Asubuhi nilizunguka maduka. Katika duka moja kijana aliniuzia maneno marefu kuhusu jeroboamu ya lita 3 ambayo haikuwepo rafuni wala kwenye orodha, na bei yake ilipanda kila nilipouliza tena. Niliondoka. Nikiwa kituo cha basi nikimpigia simu mteja wetu kumweleza hali, mzee aliyekuwa ameketi kando na mwavuli wake aligeuka akanitazama hadi nilipomaliza.

"Wewe ni wa wapi, mwanangu?" aliniuliza, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kusini.

"Shikamoo, mzee. Natoka Dodoma, Tanzania."

"Marahaba. Mimi ni wa Palma, huku Cabo Delgado. Mpaka wenu na wetu ni mto Ruvuma tu."

Aliondoka Msumbiji akiwa kijana, akafanya kazi kwa miaka mingi katika bohari la chupa hapa Gaia, na sasa amestaafu. Nilipomweleza ninachokitafuta alicheka hadi akakohoa. "Mimi ni Mwislamu, sijawahi kuonja hata tone. Lakini nimezibeba, mwanangu. Nimezibeba mpaka mgongo unazijua kwa uzito." Hakulipanda basi lake lilipofika. Alinipeleka kwenye duka la jamaa yake wa kazini wa zamani, mtaa wa nyuma, ambapo tulikaa hadi adhuhuri.

Alinifundisha mambo ambayo hayakuwa kwenye matembezi ya euro 25. Chupa kubwa hazipiti kwenye mashine ya kawaida ya kujazia. Hujazwa kwa mkono kwa mpira na faneli, kizibo husukumwa kwa mashine ya wenzo, kisha shingo huchovywa kwenye nta. Usiinue chupa kubwa kwa shingo. Mkono mmoja ukae chini ya kitako. Chupa za zamani za vinteji zina doa la chokaa ubavuni: doa hilo linaonyesha upande uliokuwa juu chupa ilipolazwa, ili ukiihamisha uilaze vilevile na mashapo yasitibuke.

Halafu akaipindua jeroboamu tupu iliyokuwa ya maonyesho, akaniwekea kidole kwenye kitako chake. Ndani ya kioo kulikuwa na alama iliyochomoza, inayofanana na tarakimu 3 iliyoandikwa kwa mwandiko wa mviringo, na pembeni yake ujazo kwa sentilita. Ni alama ya Ulaya inayothibitisha kwamba chupa yenyewe ni kipimo, na hutumika kwa chupa za hadi lita 5. "Wao wakiita Yeroboamu, wakiita Farao, wewe soma hapa," alisema. Kwa chupa za lita 6 na kuendelea alama hiyo haipo, na itakubidi utegemee lebo.

Jamaa mwenye duka, mkimya kuliko mzee wangu, aliongeza la sheria. Kwa mvinyo ulioongezwa pombe kali, kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2007 huruhusu ujazo maalumu tu kati ya mililita 100 na lita 1.5, ukivuka magnumu, kiwanda kinaweza kujaza ujazo wowote kinaotaka. Nilielewa hapo kwa nini tappit hen imeendelea kuishi, na kwa nini majina ya juu yake hayana wa kuyaamua.

Bei alizonionyesha: jeroboamu ya tawny ya miaka 10 karibu euro 190, tappit hen ya vinteji changa haikupungua euro 350. Ukigawanya, tawny kubwa inakaribiana na bei ya chupa sita ndogo, ilhali vinteji kubwa unailipia uchache wake. Hakikisha shingoni kuna ukanda wa karatasi wenye namba, ambao ni hati ya dhamana ya taasisi ya IVDP inayosimamia mvinyo wa Douro na Porto.

Mchana nilimwalika mzee chakula. Alichagua mgahawa wa samaki na kuulizia kwa makini kama kuna nyama ya nguruwe kwenye supu. Dagaa wakubwa wa kuchoma, viazi na saladi kwa watu wawili vilifika euro 24, naye akagombana na mhudumu ili alipe yeye. Alishinda.

Alhamisi: treni ya Douro hadi Pinhão

Treni huanzia stesheni ya São Bento, ambayo ukumbi wake una vigae vya buluu vipatavyo 20,000 vilivyochorwa na Jorge Colaço. Nauli hadi Pinhão ni kama euro 12, na mwendo ni saa mbili na nusu. Kaa upande wa kulia unapopanda bonde, kwa sababu mto uko huko. Saa ya kwanza ni vitongoji, haina la kusimulia.

Baada ya hapo milima ya mawe meusi ya shisti inasimama pande zote mbili, imechongwa matuta juu ya matuta hadi kileleni, na mizabibu ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya kutu. Eneo hili liliwekewa mipaka rasmi mwaka 1756 chini ya waziri mkuu ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal. Mimi ninayetoka katika tambarare ya Dodoma, ambako tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, nilistaajabu kuona watu wakitaabika kiasi hiki kwa mavuno ya mara moja.

Stesheni ya Pinhão nayo ina vigae, vya mwaka 1937, vinavyoonyesha mavuno na mashua. Nilitembea kwa miguu hadi shamba la mizabibu la Quinta do Bomfim, iliyo jirani na stesheni, nikatazama mapipa na kushuka tena mtoni. Chupa kubwa sikuziona nyingi huku. Zinazalishwa mjini kwa wanunuzi wa mjini. Kinachotawala kijijini ni garrafão, dumu la kioo la lita 5 lililovishwa ganda la plastiki au matete, ambalo kila nyumba hubebea mvinyo wa mezani. Hapa niliambiwa pia kuhusu aina adimu ya porto iitwayo garrafeira, ambayo baada ya miaka michache ndani ya mbao huhamishiwa kwenye madumu ya kioo na kukaa humo miaka mingine mingi kabla ya kutiwa chupani. Nyumba ya Niepoort ndiyo inayojulikana kwayo, ikitumia madumu ya kale ya lita 8 hadi 11 hivi.

Treni ya kurudi ilisimama kwa zaidi ya saa mbili katikati ya bonde bila maelezo. Mama aliyekuwa kiti cha mbele yangu alifungua kitambaa, akakata mkate wa bôla wenye nyama ndani, akanipa kipande kikubwa kuliko chake. Hatukuwa na lugha ya pamoja, lakini alihakikisha nimekula kipande cha pili.

Ijumaa: hesabu na kufunga mizigo

Kwa anayetaka kubeba chupa kubwa hadi Afrika Mashariki: porto ina nguvu chini ya asilimia 24, kwa hiyo kanuni za usalama wa ndege haziizuii katika mzigo wa chini. Kizuizi ni forodha. Abiria mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea anasamehewa ushuru wa mvinyo usiozidi lita 2 chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki. Magnumu inapita, tappit hen inazidi kwa robo lita. Impiriali iliyojaa ina uzito wa karibu kilo 10, nusu ya begi lako.

Nilinunua magnumu moja ya porto iliyochelewa kutiwa chupani, ile inayokaa katika mbao miaka minne hadi sita, nikaifunga kwa nguo chafu na boksi la povu la euro 8 kutoka kwa jamaa wa mzee. Jeroboamu ya tawny niliiacha dukani ikiwa imelipiwa nusu, isafirishwe kwa njia ya wakala wetu mwenye leseni ya kuingiza vileo. Ankara nilitaka iandikwe ujazo kabla ya jina: "mililita 4,500", ndipo neno jeroboamu lifuate.

Mteja wetu alipoiona picha aliuliza kama hakuna kubwa zaidi. Nilimtumia bei ya impiriali pamoja na hesabu ya glasi 80, naye akajibu kwamba wageni wa upande wake wanaokunywa hawafiki thelathini. Jeroboamu inatazamiwa kufika mwanzoni mwa Desemba, nami nimeanza kutafuta fundi wa kututengenezea kitegemeo cha mbao cha kuinamishia chupa wakati wa kumimina, kwa sababu hakuna mhudumu wetu atakayeishika kwa mkono mmoja.